Jibu kwa mama wa Tanga: hao "wema" wa Uskoti walikuwa wema kweli?

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo. Mama mmoja wa Tanga ananiandikia: "Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa kidato cha pili kaanza kucheza gemu lenye viumbe wa Uskoti, kuna kundi linaitwa Seelie anasema ndo wema, na lingine Unseelie ndo wabaya. Ananiambia mama hao ni kama majini Waislamu na majini makafiri tu. Ni kweli wazee wa huko waliamini hivo au ni mambo ya gemu? Na si ndo wale vidogo wenye mabawa?"

Marahaba mama. Jibu fupi ni kwamba hayo majina ni ya kweli na ni ya zamani sana, ila huo mpangilio wa timu mbili kama Simba na Yanga, kila mmoja na jezi yake, ni kazi ya watu wa juzi. Na kuhusu majini mwanao kakaribia lakini kakosea sehemu moja muhimu, nitaifikia. Jibu refu ndo hili, mimina chai kabisa.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili hatuna neno lao kamili, ukisema majini umewapa dini ambayo hawana, ukisema mazimwi umewafanya walaji watu wote, ukisema vibwengo umewapeleka baharini. Mi nitawaita mafeari tu, toka neno la Kiingereza fairies, na wa Dar msianze kunitania na Feri ya samaki. Mabawa yafute kichwani. Mabawa waliwekewa na wachoraji na watu wa maigizo wa Uingereza, huko karne ya 18 na ya 19, mpaka ikafika mwaka 1917 wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley wakapiga picha na mafeari wenye mabawa na wakubwa wazima na elimu zao wakaamini, kumbe yalikuwa makaratasi yaliyokatwa na mkasi, wenyewe walikuja kukiri 1983 wakiwa vikongwe. Feari wa mkulima wa Uskoti alikuwa hana bawa hata moja. Mara nyingi alikuwa na kimo cha mtu au pungufu kidogo, amevaa kijani, ana ng'ombe wake, ana mkewe, anapika, anaishi chini ya kile kilima unachokiona nyuma ya nyumba yako. Yaani jirani. Na neno jirani silitumii kwa mapambo, ndo jina walilowaita hasa: majirani wema. Kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milimani huko, waliwaita watu wa amani.

Sasa sikiliza hilo neno Seelie, linatamkwa "sili" (siyo yule mnyama wa baharini, ingawa naye ana stori zake huko). Limetoka kwenye Kiingereza cha kale, neno lililomaanisha mwenye heri, mwenye baraka, Wajerumani mpaka leo wanalo, wanasema selig. Waingereza wenyewe wamelitumia na kulichakaza mpaka limekuwa silly, yaani mpumbavu, safari ndefu sana kwa neno moja. Kwaiyo Seelie maana yake ni wenye heri, na Unseelie ni wasio na heri, wa nuksi. Umeona hapo? Hakuna kilichosemwa kuhusu wema na uovu. Kilichosemwa ni baraka na mkosi. Mvua ina baraka lakini hujawahi kusikia mtu anasema mvua ina tabia nzuri, na hiyo hiyo ikizidi inaondoka na nyumba.

Alafu kuna kashairi ka zamani ka Waskoti ambako feari mwenyewe ndo anaongea, kwa maneno yangu anasema hivi: ukiniita kishetani, jiangalie vizuri, ukiniita feari nitakusumbua, ukiniita jirani mwema, basi jirani mwema nitakuwa, ila ukiniita kiumbe mwenye heri, nitakuwa rafiki yako mchana na usiku. Mama, hiki kishairi kinamaliza nusu ya swali lako. Wema wa yule kiumbe unategemea wewe umemwitaje! Hilo neno Seelie ni adabu, ni kumpaka mafuta. Sisi wenyewe tunayajua haya, nenda dukani saa mbili usiku ukaombe sindano kwa jina lake kwa muuza duka mzee wa zamani uone atakavyokutazama. Chumvi vilevile. Mtu wa pwani akizungumza habari za jini usiku anapunguza sauti, anasema "wale", na wewe unaelewa. Mskoti naye alikuwa anasema "wale wenye heri" akiwa anatetemeka.

Nikupe stori moja ambayo naipenda kuliko zote. Kule Galloway, kusini magharibi ya Uskoti, alikuwepo bwana mkubwa mmoja anaitwa Sir Godfrey McCulloch. Wanasema siku moja kapanda farasi anatembea zake karibu na nyumbani, akatokea kizee kidogo kimevaa kijani, kiko juu ya farasi mweupe, kikamsalimia vizuri tu halafu kikatoa malalamiko: bwana, mimi naishi chini ya nyumba yako, na mtaro wako wa maji machafu unamwagika moja kwa moja sebuleni kwangu, pale pazuri ninapokalia wageni. Sir Godfrey akashtuka, ila alikuwa ameshamtambua ni nani, akaomba radhi, akaahidi mtaro utahamishwa, na ukahamishwa kweli. Miaka ikapita. Sir Godfrey akaja kuua mtu kwenye ugomvi, akahukumiwa kifo Edinburgh. Siku anapelekwa kuuawa, umati umejaa, kizee kile na farasi wake mweupe kikapenya katikati ya watu kama umeme, Sir Godfrey akaruka nyuma yake, wakatokomea, hawakuonekana tena.

Tamu eh? Sasa upande wa kumbukumbu za serikali: Sir Godfrey McCulloch alikatwa kichwa Edinburgh mwezi Machi 1697 kwa kosa la kumuua William Gordon, na ile mashine waliyokuwa wanakatia vichwa vya watu, wanaiita Bikira, ipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la taifa pale pale mjini. Hakuna farasi aliyekuja. Lakini watu wa kijijini kwake wakaona haiwezekani, mtu aliyehamisha mtaro kwa ajili ya jirani asilipwe? Ndo hesabu yao ilivokuwa. Huyo kizee hajali kwamba Sir Godfrey ni muuaji, hilo halimhusu kabisa, yeye anajua habari ya maji machafu tu. Deni limelipwa. Na mama wewe wa Tanga ukisikia hadithi hii lazima unakumbuka ulivyofokewa utotoni usimwage maji ya moto nje usiku bila bismillah, usije ukamuunguza mtu usiyemuona. Waayalandi nao walikuwa hivo hivo, mtu kabla ya kumwaga maji machafu usiku anapaza sauti kwanza, jamani maji hayo yanakuja. Watu ambao hawajawahi kuonana, na wote wamefundishwa na bibi zao kubisha hodi kabla ya kumwaga beseni.

Haya sasa nije kwenye majini, maana hapo ndo mwanao amejikwaa. Majini kwa sisi watu wa pwani wamegawanywa kwa imani. Sura ya Al-Jinn wenyewe wanasema miongoni mwetu wamo walio wema na wamo walio kinyume cha hivyo, wengine wamesilimu na wengine wamepotoka. Jini ana hesabu siku ya kiama kama wewe. Kwaiyo ukisema jini mwema unamaanisha kitu chenye uzito, kwamba kuna sheria na yeye anaifuata. Feari wa Uskoti hana hiyo. Na hili silisemi mimi, alilisema mchungaji.

Huyo mchungaji anaitwa Robert Kirk, alikuwa na kanisa Aberfoyle, kule milima inapoanzia. Msomi kweli kweli, alitafsiri Zaburi kwa Kigaeli zikachapwa 1684, akaenda London kusimamia uchapaji wa Biblia ya Kigaeli. Halafu mtu huyo huyo miaka ya 1691 na 1692 akakaa chini akaandika taarifa ya mafeari, na aliandika kama bwana shamba anavyoandika ripoti ya kata. Anasema ni viumbe wa kati, baina ya binadamu na malaika, miili yao ni kama hewa iliyoganda, wanaonekana zaidi jioni giza linapoingia. Wana watawala, wana sheria, wanagombana, wanaoana, wanazikana, lakini dini yao haionekani. Wanahama nyumba kila robo ya mwaka, mara nne, na wale watu wenye jicho la kuwaona walikuwa wanaogopa kusafiri siku hizo wasije wakapishana nao njiani. Na hapa anachomekea kitu kilichonichekesha peke yangu: anasema ndo maana kuna watu wanaonekana kanisani Jumapili ya kwanza ya kila robo, wanakuja kujikinga wao na ng'ombe na mazao yao, wakishamaliza huwaoni tena mpaka robo nyingine. Wachungaji wa leo mnaosoma hapa mnawajua waumini wa aina hiyo.

Kirk alikufa 1692, kwenye miaka arobaini na kitu. Walimkuta kaanguka kwenye kilima cha Doon, jirani na nyumba yake, kilima ambacho ilijulikana ni cha "wale", na alikuwa na nguo za kulalia, alikuwa na mazoea ya kutembea huko jioni kupunga hewa. Watu wakasema hakufa, kachukuliwa, amefichua siri nyingi mno. Wakasema alimtokea ndugu yake mmoja akamwambia mimi siyo maiti ni mateka, siku ya ubatizo wa mtoto wangu nitaonekana, mwambieni binamu yangu Graham wa Duchray arushe kisu juu ya kichwa changu niwe huru. Chuma hicho, wanakiogopa sana. Siku ikafika, Kirk akatokea mbele ya wageni, Graham kisu anacho mkononi, akabaki kaduwaa mdomo wazi, hakurusha. Ndo basi.

Mi nimepanda hicho kilima wakati nasoma huko. Siyo kirefu, nusu saa hivi, njia ya mialoni yenye kuvu, na juu kabisa katikati kuna msonobari mkubwa mmoja peke yake ambao wanasema roho ya mchungaji ndo imefungwa humo. Nilichokikuta kilinishangaza: matawi na miti ya jirani yote yamefungwa vitambaa, utepe, vikaratasi vya watoto vyenye maombi yao, pipi, sarafu. Nikasimama pale nikacheka, nikasema mbona niko Amboni. Mapango yale ya kwenu mama, pale penye mzimu, watu wanapoweka ubani na sarafu na vitambaa. Tofauti ni baridi tu.

Sasa ngoja nieleze kwa nini mafeari wakaja kuonekana wabaya wote, maana hili kwenye magemu hawaliweki. Uskoti ikageuka ya Kiprotestanti 1560, na 1563 bunge likapitisha sheria ya kuua wachawi. Dini mpya ilikuwa na pande mbili tu, malaika wa Mungu na mashetani wa Ibilisi, hakuna chumba cha katikati. Uislamu huku kwetu ulimkuta jini tayari anayo nafasi yake kwenye kitabu. Jirani mwema wa Uskoti hakuwa na nafasi popote, kwaiyo akasukumwa upande wa shetani, na yeyote aliyekiri kuongea naye akasukumwa pamoja naye. Mfalme James wa 6 mwenyewe aliandika kitabu kikatoka 1597 akasema habari za feari ni udanganyifu wa Ibilisi.

Aliyelipia hayo kwa damu ni mtu kama Bessie Dunlop. Mwanamke wa kijijini, Ayrshire, ametoka kujifungua juzi tu, mume mgonjwa, mtoto mgonjwa, ng'ombe wake amekufa, anaswaga mifugo malishoni huku analia. Akakutana na mzee mwenye ndevu za mvi, koti la kijivu, fimbo nyeupe mkononi, akamuuliza unalia nini hivo kwa ajili ya mali ya dunia. Alijitambulisha kwa jina la Thom Reid, na alikuwa ni mtu aliyekufa vitani Pinkie mwaka 1547, karibu miaka thelathini nyuma. Akamwambia mtoto atakufa na ng'ombe mwingine aliye mgonjwa atakufa ila mumeo atapona, ikawa hivo. Baadaye akamletea wageni, wanawake nane na wanaume wanne, wamevaa vizuri, wakamwambia karibu kaa nasi, njoo twende. Akakataa. Thom akamwambia hao ndo viumbe wema wanaokaa kwenye baraza la Elfame, yaani ufalme wao. Na aliwahi kuja mama mmoja mnene Bessie akiwa kwenye uchungu, akakaa naye benchi moja, akaomba maji ya kunywa, akapewa. Kumbe alikuwa malkia wao.

Alichofundishwa na Thom ni dawa za majani na kutafuta vitu vya watu vilivyoibiwa. Basi. Hakumroga mtu. Hayo yote tunayajua kwa sababu yaliandikwa mahakamani 1576, na pembeni ya karatasi ya kesi kumeandikwa maneno mawili matatu tu, kwamba amepatikana na hatia na amechomwa. Nikisoma ile kesi huwa nakwama pale kwenye maji ya kunywa. Kile alichokifanya, kumpa mgeni maji ukiwa mwenyewe uko kwenye uchungu, ndo kinaonyesha wema kuliko kitu kingine chochote kwenye stori nzima, na feari hakuja kumuokoa wala nini. Hakuna farasi mweupe kwa Bessie.

Kuhusu malkia huyo, ukitaka kujua yuko timu gani utachoka. Kuna wimbo mmoja wa zamani, mtu kageuzwa nyoka na mchawi, usiku wa Halloween (Oktoba 31) baraza la Seelie linapita na farasi zao, malkia anashuka, anamchukua mapajani anampapasa mara tatu, mtu anarudi umbo lake. Hapo ni mama mwema. Halafu kuna wimbo wa Tam Lin, kijana aliyetekwa, anakaa msitu wa Carterhaugh karibu na Selkirk. Anamwambia mpenzi wake Janet ambaye ana mimba yake: hawa kila miaka saba wanalipa zaka jehanamu, na naona zamu hii zaka ni mimi. Zaka mama, ya mtu! Usiku wa Halloween huo huo Janet akamvizia njia panda, akamvuta toka kwenye farasi mweupe, wakamgeuza nyoka mikononi mwake, wakamgeuza dubu, simba, chuma chenye moto, hakumuachia. Malkia aliposhindwa hakulia kwa huzuni, alimwambia Tam Lin ningejua haya ningekung'oa hayo macho mawili nikakuwekea ya mti. Usiku ni huo huo, farasi ni hao hao, malkia labda ni huyo huyo. Inategemea wewe umesimama upande gani wa barabara.

Ila usidhani nasema hawana wabaya wa kweli. Wapo, na hapo Unseelie linastahili jina lake, kwa sababu hao hawasubiri uwakosee. Sluagh, hilo ni jeshi la wafu wasiotulia, linaruka angani usiku kama kundi la ndege likitokea magharibi, linabeba watu na kuwabwaga mbali, kwenye visiwa vya Uskoti mtu akiwa anakata roho walikuwa wanafunga madirisha ya upande wa magharibi. Kofia Nyekundu ni kizee chenye meno marefu kinakaa kwenye maboma yaliyobomoka mpakani na Uingereza, sehemu zilikofanyika mauaji, na hiyo kofia inapata rangi kwa damu, ikikauka anatafuta nyingine. Mkuki haumfanyi kitu, msomee aya ya Biblia atapiga yowe aondoke akuachie jino.

Farasi wa kwenye maji nisimalize haraka maana ni chunusi kabisa, chunusi mwenye kwato. Unamkuta ufukweni mwa ziwa, mzuri, mpole, ana hatamu tayari. Watoto wanampanda mmoja mmoja, mgongo unarefuka wote wanaenea, mkono ukimgusa unanata haubanduki, na hapo anaingia nao ziwani. Kesho yake kinachoelea ni maini. Kuna kisa cha mtoto aliyemgusa kwa kidole kimoja tu akakikata kidole chake kwa kisu akabaki hai, wenzake wote walikwenda. Kazi ya hadithi hiyo haihitaji mtaalamu kuieleza, nenda ziwa lolote la Uskoti uone maji yalivyo meusi na ya baridi mita mbili tu kutoka ukingoni. Siku hizi pale Falkirk wamewajengea sanamu mbili za chuma, vichwa vya farasi, urefu mita 30, watu wanapiga selfi.

Na visiwa vya Orkney wana Nuckelavee, huyu hata mimi sipendi kumsoma usiku. Farasi na mtu vimeota pamoja, jicho moja jekundu, na hana ngozi. Hana kabisa, unaona misuli inacheza na damu nyeusi inapita kwenye mishipa ya njano. Pumzi yake inakausha mazao. Hapatani na maji baridi ya mto au mvua, ukivuka kijito umepona. Kinachonivutia ni hiki: miaka ya 1720 watu wa Orkney walianza kuchoma mwani kwa ajili ya majivu yanayotumika kutengeneza vioo na sabuni, moshi wake unanuka vibaya sana, na farasi wa Stronsay walipopatwa na ugonjwa wakasema ni Nuckelavee kakasirikia moshi. Yaani hata huyu mbaya kuliko wote, ukimchimba utamkuta ana malalamiko ya jirani. Mtaro tena.

Ng'ombe nao walikuwa na ugonjwa wao wa kupigwa mshale wa feari. Ng'ombe anadhoofika ghafla, hakuna bwana mifugo, mkulima analima kesho yake anaokota kigumba kidogo cha jiwe la gumegume, kimechongwa kwa ustadi wa ajabu, nani kakichonga kama siyo wale? Leo tunajua ni mishale ya watu wa zama za mawe, maelfu ya miaka. Wao wakaviweka kwenye fedha wakavaa shingoni kama hirizi. Hebu fikiria, silaha ya adui ukiishika inakulinda.

Kinga nyingine mwanao labda ameziona kwenye gemu: chuma, tawi la mti wa rowan wenye matunda mekundu, chumvi, kuvaa nguo ndani nje ukipotea njia. Na kutokula chakula chao, hata kama una njaa ya kufa, maana ukila hutoki.

Kitu kimoja nikiseme kwa uzito hata kama kinaharibu raha. Waliamini pia kwamba feari anaiba mtoto au mama aliyejifungua na kuacha mfano wake kitandani, kitu kinachofanana naye lakini kinalia tu, hakishibi, hakikui. Wewe ni mzazi, unajua hapo wanamzungumzia nani, ni mtoto mgonjwa au mwenye ulemavu. Na dawa ya kumrudisha wa kweli ilikuwa kumtesa yule wa bandia. Ayalandi, Machi 1895, siyo zamani hivo, treni zipo na simu zipo, Bridget Cleary mshona nguo wa kijiji cha Ballyvadlea aliugua siku chache, mumewe Michael akashikilia kwamba huyu siyo mke wangu, wakamlazimisha dawa za majani mbele ya ndugu zake mwenyewe, mwishowe mume akamchoma moto akafa. Alihukumiwa miaka 20, akatumikia 15. Alikuwa anasubiri mke wake halisi atoke kilimani juu ya farasi mweupe. Kwaiyo mtu akiniuliza feari yupi alikuwa hatari zaidi, Seelie au Unseelie, mi namfikiria yule dada wa cherehani.

Turudi kwa kijana. Hizi timu mbili zilizopangika alizoziona zimekuja kupata nguvu baada ya mtaalamu wa Kiingereza Katharine Briggs kukusanya mambo yote haya kwenye kamusi yake ya mafeari ya 1976, akaweka Seelie hapa na Unseelie pale, kazi nzuri sana na mwenyewe aliandika wazi kwamba hata hao Seelie ukiwakosea wanajibu. Waandishi wa riwaya na wa magemu waliokuja nyuma yake wakachukua makabati wakaacha maelezo. Muachie acheze tu, hakuna tatizo, ila mwambie ajaribu kumsoma brauni, maana magemu yanamdharau na ndo mtamu kuliko wote.

Brauni ni mdogo, ana manyoya, wa kahawia, anakaa shambani kwa mtu. Usiku mmelala anapura nafaka, anasokota sufu, anafagia, asubuhi kazi ya watu kumi imeisha. Malipo yake ni bakuli la uji au malai unaliacha tu karibu na moto, humwambii hili ni lako, hiyo ni kumtukana. Na ukimhurumia kwa kuwa yuko uchi ukamshonea nguo, anazivaa na anaondoka moja kwa moja. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Wengine wanasema nguo ni mshahara na yeye siyo kibarua. Wengine wanasema akishavaa anajiona bwana mkubwa, kazi haifai tena. Ila yule wa Lincolnshire, Uingereza, ambaye kila mwaka alikuwa anashonewa shati la kitani, alipofika tajiri mpya bahili akamwekea shati la gunia, aliimba mwenyewe sababu yake kabla ya kutoka: ungenipa kitani ningekutumikia miaka mingi, kwa hili gunia sisagi wala sitwangi, baki na mkosi wako mi nakwenda.